Filamu ya Mizizi Saba ya Dhambi: Tuitazame au Tuiache?



Swali limetufikia kutoka katika vikundi vyenu zaidi ya mara moja, na kila mara linafika likiwa limekwisha kuwagawanya watu: je, kijana mkristu anaweza kuitazama filamu ya Kimarekani iitwayo Se7en, au aiache? Filamu hiyo ilitoka mwaka 1995. Ni ya zamani kuliko wengi wenu, lakini bado inapita kutoka simu hadi simu, na sababu yake inajulikana: habari yake imejengwa juu ya mizizi saba ya dhambi, ile ile mliyoikariri katika katekisimu. Viongozi fulani wa vijana waliona kwamba hapo pana somo, wakaomba kuionyesha katika ukumbi wa parokia. Wazee wakakataa. Tangu siku hiyo pamekuwa na makundi mawili.

Kundi la kwanza linasema: filamu ya damu ni filamu ya shetani, mkristu haitazami, na mazungumzo yamekwisha. Kundi la pili linasema: filamu ni filamu tu, damu yake ni rangi, na wote waliouawa ndani yake walirudi nyumbani kwao jioni wakala chakula chao. Sisi hatuwezi kuungana na kundi lolote kati ya hayo mawili. La kwanza linahukumu kitu ambacho halijakijua. La pili linazungumza kana kwamba macho ni mlango usio na nyumba nyuma yake. Na yote mawili yanaliacha pembeni swali lililo zito kuliko yote: mtu akimaliza kutazama, ile orodha ya dhambi saba anaishika akimwelekezea nani?

Habari yenyewe

Ili tusibishane juu ya uvumi, na tuiweke habari mezani. Filamu iliongozwa na David Fincher, na hadithi yake iliandikwa na Andrew Kevin Walker. Wapelelezi wawili wa polisi wanakutana katika mji mkubwa usiotajwa jina, mji ambamo mvua karibu hainyamazi. Mmoja ni Somerset, mzee mtulivu aliyebakiwa na juma moja tu la kazi kabla ya kustaafu. Anaigizwa na Morgan Freeman. Wa pili ni Mills, kijana mwenye hasira za karibu, aliyehamia mjini pamoja na mkewe Tracy; anaigizwa na Brad Pitt. Katika siku saba wanamfuatia muuaji anayeandika jina la dhambi mahali pa kila mauaji. Mtu mnene amelazimishwa kula mpaka akafa: ulafi. Wakili tajiri amelazimishwa kukata nyama ya mwili wake mwenyewe: choyo. Mwanaume mwingine amefungwa kitandani mwaka mzima: uvivu. Mwanamke aliyeishi kwa kuuza mwili wake: uasherati. Mwanamke aliyejivunia uzuri wake, aliyekatwa uso kisha akaachiwa achague kuita msaada au kufa: kiburi.

Zinabaki mbili, wivu na hasira. Hapo muuaji anajisalimisha mwenyewe kwa polisi na kuwaongoza wapelelezi hadi kwenye nyika kavu nje ya mji. Sanduku linaletwa. Ndani yake mna kichwa cha Tracy, ambaye alikuwa mjamzito na mumewe hakujua. Muuaji anakiri kwamba aliyaonea wivu maisha ya kawaida ya Mills. Wivu ni dhambi yake mwenyewe. Sasa anangoja Mills amwue, ili hasira nayo ipate mtu wake na orodha itimie. Somerset anamsihi mwenzake aweke silaha chini, kwa maana kumwua mtu yule ni kumpa ushindi. Mills anafyatua risasi. Filamu inaishia karibu hapo.

Tumeusimulia mwisho kwa makusudi. Filamu hii haiwezi kupimwa na mtu asiyejua inakoelekea, kama vile mahubiri hayawezi kupimwa na mtu aliyetoka kanisani katikati.

Yale ambayo wakataaji hawakuyaona

Tuanze na wazee wetu, kwa heshima yote inayowapasa. Wanasema filamu imejaa mauaji. Wangeitazama, wangegundua jambo la ajabu. Karibu kila mara kamera inafika baada ya tendo kumalizika. Tunaona chumba chenye giza, tunaona nyuso za wapelelezi, tunaona alama zilizobaki. Tendo lenyewe limefichwa. Hata katika dakika za mwisho, kamera haituonyeshi kilichomo ndani ya sanduku. Tunakisoma katika uso wa Somerset. Mauaji yanayotendwa waziwazi mbele ya macho yetu ni yale ya mwisho, na anayeyatenda ni mtu tuliyempenda. Hilo halikutokea kwa bahati. Aliyeipanga filamu alitaka tuyaogope zaidi mauaji ambayo sisi wenyewe tungeyashangilia.

Wanasema pia kwamba habari za damu hazina nafasi mbele ya macho ya mwamini. Basi na tuifunge Biblia. Katika kurasa zake za mwanzo kabisa kaka anamwua mdogo wake shambani. Sura ya 19 ya kitabu cha Waamuzi ina tendo la kinyama ambalo hakuna sinema ya mtaa ingethubutu kulionyesha. Tarehe 29 Agosti ya kila mwaka Eklezya inatusomea katika Misa jinsi kichwa cha Yohane Mbatizaji kilivyoletwa katika sinia mbele ya wageni wa karamu. Na tarehe 1 Desemba tunawasimulia watoto wa Kizito-Anuarite, watoto wenye umri wa kuvaa kaptula, jinsi Mwenye Heri Anuarite alivyouawa kule Isiro mwaka 1964. Hatujawahi kumsikia mzee yeyote akisema kwamba habari hiyo ifichwe kwa sababu ina damu.

Eklezya yenyewe ililifikiri jambo hili kabla yetu. Mnamo tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitoa hati juu ya vyombo vya upashanaji habari, iitwayo kwa Kilatini Inter Mirifica. Katika namba yake ya 7 Mtaguso unakubali kwamba kusimulia na kuonyesha uovu kunaweza kumsaidia mtu kuijua nafsi ya binadamu kwa undani zaidi, na hata kuudhihirisha ukweli na wema. Papo hapo unaweka mpaka: maonyesho hayo yatii sheria ya maadili, yasije yakaleta madhara kwa roho badala ya faida, hasa katika mambo yanayodai heshima au yanayoamsha haraka tamaa mbaya. Basi anayesema kwamba uovu hauruhusiwi kuonyeshwa kamwe hasemi kwa kinywa cha Mtaguso. Anasema kwa kinywa chake mwenyewe.

Yale ambayo watetezi hawataki kuyasikia

Sasa tugeukie kundi la pili, ambalo labda limekwisha kuanza kupiga makofi. Lisipige makofi bado.

Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha sita cha Maungamo yake, anatusimulia juu ya rafiki yake Alipio, kijana mwenye akili aliyekwenda Roma kusomea sheria. Alipio aliyachukia maonyesho ya watu waliouana kwa panga ili umati ufurahi. Siku moja wenzake walimvuta kwa nguvu mpaka uwanjani. Alikubali kuketi, lakini akafumba macho, akiamini kwamba mwili wake tu ndio utakuwapo pale. Kisha mpiganaji mmoja akaanguka, umati mzima ukapiga kelele, na Alipio akafumbua macho. Kuanzia dakika ile hakuwa tena mtu yule aliyeingia. Alitazama, akapiga kelele pamoja na wengine, akatoka akiwa na kiu ya kurudi, na alirudi akiwavuta wengine. Tunaomba mwone jambo moja: iliyomwangusha kwanza ni kelele ya umati. Macho yalifuata.

Kwa hiyo usituambie kwamba filamu ni filamu tu. Kama picha hazina nguvu, mbona wafanyabiashara wanalipa fedha nyingi ili picha za bidhaa zao zipite mbele ya macho yako? Kama hadithi haigusi kitu, mbona ulilia katika ile nyingine? Hata kule ilikotengenezwa, hawakuiona filamu hii kuwa mchezo. Katika sinema za Marekani kijana asiyetimiza miaka 17 hakuruhusiwa kuitazama bila mzazi au mlezi, na Uingereza waliifunga kwa wote walio chini ya miaka 18. Watu wa dunia, ambao hatuwaiti watawa, waliweka mpaka. Je, sisi tunaojiita wana wa nuru tuwe wa kwanza kuuondoa?

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi wa mashariki ya Kongo kwa namna ya pekee. Mkazi wa mji wenye amani anaweza kuiona maiti kwa mara ya kwanza katika filamu. Wengi wenu mliiona njiani mkienda shule. Wako kati yenu waliokimbia usiku wakiwa migongoni mwa mama zao. Wako waliozika ndugu zao bila jeneza. Kumwambia kijana wa namna hiyo aketi katika giza la ukumbi, azungukwe na wenzake wanaocheka ili kuficha woga wao, kisha kumwita mwoga anapotaka kutoka, ni ukatili. Imani haipimwi kwa ushujaa wa kutazama. Anayesema "mimi siwezi" amesema neno la hekima, na kikundi kimpe heshima yake bila kumwuliza sababu.

Orodha iliyogeuzwa

Tumefika kwenye kiini. Mizizi saba ya dhambi ilitoka wapi? Haikutoka kwa mahakimu, wala kwa askari. Ilitoka jangwani, kwa wamonaki. Yohane Kasiano, katika karne ya 5, aliandika juu ya mawazo maovu manane yanayomsumbua mmonaki aketipo peke yake katika chumba chake. Baadaye Grigori Mkuu, aliyekuwa Papa kuanzia mwaka 590 hadi 604, aliyapanga yakawa saba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba ya 1866, inaitaja orodha hiyo na kueleza kwamba dhambi hizo zinaitwa kuu kwa sababu zinazaa dhambi nyingine. Ni orodha ya mganga anayejitibu mwenyewe. Mmonaki aliisoma usiku ili ajue ni mlango gani wa moyo wake ulioachwa wazi. Hakuichukua ili azunguke nayo kijijini akitafuta nani ni mlafi na nani ni mvivu.

Muuaji wa filamu hii ameichukua orodha ile ile, neno kwa neno, akaigeuza. Anawatazama wengine kwa orodha ambayo aliyeitunga alijitazama kwayo. Ndiyo maana anatisha kuliko mwizi au mlevi: anasoma vitabu vya watakatifu, anaishi kwa nidhamu, anajaza madaftari, anasema ametumwa. Na maneno yake, wapendwa, yana nusu ya ukweli. Garini, akipelekwa nyikani, anasema kwamba dhambi iko katika kila njia na kila nyumba, nasi tumeizoea kwa sababu iko asubuhi, mchana na jioni. Nani atabisha? Mzee Somerset mwenyewe amekwisha kulalamika kwamba watu wa mji wake wamechagua kutojali kwa kuwa ni rahisi. Nusu ya ukweli ndiyo chambo. Ndoana imefichwa katika nusu ya pili, pale anapohitimisha kwamba mwenye dhambi amepoteza haki ya kuishi.

Mlinganisheni na nabii Natani, katika sura ya 12 ya kitabu cha pili cha Samweli. Mfalme Daudi amemtwaa mke wa Uria na kumpanga Uria auawe vitani. Huo ni uhalifu kamili: kuna mwenye cheo, kuna barua ya siri, kuna maiti na kuna uongo. Natani anafika na hadithi ya uhalifu, juu ya tajiri aliyenyang'anya mwana-kondoo wa maskini. Daudi anawaka hasira, anamhukumu tajiri yule kifo. Ndipo nabii anamwonyesha kwamba tajiri huyo ni yeye mwenyewe. Natani alimsimulia mwenye dhambi hadithi ili apate kuishi. Muuaji wa Se7en anawaua wenye dhambi ili apate hadithi. Hapo ndipo njia zinapoachana, na kijana asiyeona njia panda hiyo asiitazame filamu hii, awe na miaka 18 au 40.

Mtatuuliza: muuaji wa namna hiyo, mwenye madaftari na mahubiri, yuko wapi kwetu? Yuko, ila kwetu ana miguu mia. Sokoni mtu anapigiwa kelele ya "mwizi!" Hakuna aliyeuliza ameiba nini, wala kama ni yeye. Yanafika mawe, linafika tairi kuukuu, inafika petroli. Mahali pengine bibi kizee anaitwa mchawi kwa sababu mtoto wa jirani amekufa kwa homa. Hakimu hayupo, wakili hayupo, padri hakuitwa. Jina la dhambi limeandikwa juu ya mwili wa mtu, naye ameondolewa duniani ili wengine wajione safi. Na katika umati huo, tusidanganyane, wamo waliobatizwa. Wamo waliokomunika Dominika iliyotangulia. Wamo wenye sare za vikundi vyetu zikining'inia nyumbani. Kama Alipio, walikwenda kuona tu. Kisha umati ukapiga kelele.

Tunajua kwa nini watu hufanya hivyo. Mwizi aliyepelekwa polisi leo anaonekana mtaani kesho, na aliyeibiwa hana fedha za kufuata kesi. Malalamiko hayo ni ya kweli, na anayewalaumu watu bila kuyataja hawatendei haki. Mills naye alikuwa na malalamiko ya kweli, tena makubwa kuliko ya simu iliyoibwa: mke wake na mtoto wake. Filamu inatuweka ndani ya ngozi yake na kutuacha tutamani risasi ile. Kisha inatuonyesha kwamba risasi ile ndiyo muuaji aliyoingoja tangu mwanzo. Wahenga wetu walisema kwa maneno mawili: hasira, hasara.

Damu ambayo si rangi

Turudi kwa wakataaji, maana tuna neno moja zaidi nao. Baadhi ya simu zilizo mifukoni mwa wale wale waliopiga marufuku damu ya rangi zimebeba damu halisi. Kijiji kimeshambuliwa, kabla ya jua kuzama, picha za miili zinatembea katika makundi ya WhatsApp, pamoja na yale ya kwaya na ya shirika. Mwizi anachomwa, mmoja anawasha moto, ishirini wanapiga video. Chini ya picha mtu anaandika "mshirikishe mwenzako". Mwili ule una mama. Una jina la ubatizo. Hakuna mwigizaji aliyeinuka, akanawa uso na kwenda kula chakula chake.

Tunasema bila kuzungukazunguka: kijana aliyetazama Se7en mpaka mwisho akiwa kimya, kisha akajihoji, ana mzigo mdogo wa kupeleka kwenye kitubio kuliko mtu mzima anayesambaza video ya binadamu akifa. Yule wa kwanza alitazama uongo uliotaka kumfundisha kitu. Huyu wa pili amemfanya jirani yake kuwa maonyesho. Kama kuna marufuku ya kutolewa katika parokia zetu, na ianzie hapo. Anayepata ushahidi wa uhalifu aupeleke kwa wanaoweza kuufanyia kazi. Asiugeuze kuwa chakula cha macho.

Kile ambacho filamu haina

Pamoja na hayo yote, hatutaki mtu yeyote aichukue filamu hii kama katekisimu. Inaijua dhambi, haijui msamaha. Katika mji ule wote wa mvua hakuna mtu anayeomba radhi wala anayesamehewa. Waliouawa tunawajua kwa dhambi zao tu, kama muuaji alivyotaka. Hatuambiwi nani aliwalilia. Tracy, aliye mpole kuliko wote, anapewa nafasi ndogo ya kusema, kisha anafanywa kuwa kitu ndani ya sanduku. Mwishoni Somerset anabaki na imani nyembamba tu: kwamba dunia, hata kama si nzuri, inastahili kupiganiwa. Ni neno la mtu mwema, lakini ni neno la mtu aliyesimama nje ya kaburi na hajasikia kwamba jiwe limevingirishwa.

Sisi tuna habari nyingine za mauaji, nazo ni za kweli. Anuarite, akipigwa, alimsamehe aliyekuwa akimwua. Na tarehe 15 Agosti 1985, siku alipotangazwa Mwenye Heri mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimsamehe muuaji huyo hadharani, kwa jina la Eklezya nzima. Pale Goma, Floribert Bwana Chui, kijana aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, alikataa kupokea fedha ili apitishe chakula kilichoharibika ambacho kingewadhuru watu maskini. Alitekwa, akateswa, akauawa mwezi Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma. Angalieni: rushwa, vitisho, utekaji, maiti. Ni habari ya uhalifu tangu mwanzo hadi mwisho, tena imetokea katika barabara mnazozijua. Lakini aliyeuawa ndiye anayebaki na neno la mwisho. Anayetazama Se7en bila kuijua habari ya Floribert ameona usiku akadhani hakuna asubuhi.

Uamuzi wetu

Mlituuliza, nasi hatutawajibu kwa kuzunguka.

Filamu hii isionyeshwe katika ukumbi wa parokia mbele ya kila anayekuja, wala isitumiwe kukusanya viingilio. Ukumbi uliojaa ni uwanja wa Alipio. Kelele zitashinda fikra. Wasio na miaka 18 wasiitazame. Aliyejeruhiwa na vita aiache bila aibu.

Aliye mtu mzima, anayetaka kuitazama, tunamwambia: inastahili. Ni kazi nzito iliyofanywa kwa makini, nayo inauliza swali la kweli. Aitazame pamoja na wachache wanaoaminiana, tangu mwanzo hadi mwisho, asichague vipande vya kutisha na kuruka mazungumzo. Akimaliza, asilale kabla ya kuzungumza. Mtaguso, katika namba ya 10 ya hati ile ile, unawataka vijana wawe na kiasi, wajitahidi kuelewa kwa undani walichokiona, na wakijadili pamoja na walezi wao. Mlezi anayekimbia mazungumzo hayo kwa kusema "ni ya shetani" ameacha kazi yake kwa wauza filamu.

Na kipimo cha mwisho ni hiki. Kama umeinuka ukiwa umepata majina ya kuwapachika majirani, yule mlafi, yule mvivu, yule kahaba, basi filamu imekushinda, na muuaji amepata mwanafunzi. Kama umeinuka ukiitafuta hasira yako mwenyewe, wivu wako mwenyewe, na ukatamani kumwona padri Jumamosi, basi orodha imerudi mahali pake, mkononi mwa mwenye kujitibu.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Umati unapopiga kelele ya "mwizi!" mtaani kwetu, kikundi chetu kimekubaliana kufanya nini? Nani ataita msaada, na nani atasimama kati?

2. Ni dhambi gani kati ya zile saba tunaiona haraka kwa wengine na kwa shida kwetu wenyewe?

3. Mills alikuwa na sababu ya kukasirika. Kuna tofauti gani kati ya kudai haki na kulipiza kisasi, hasa kwa mtu aliyefiwa katika vita?

4. Simu zetu zimebeba picha gani za watu waliokufa? Leo, kabla ya sala ya mwisho, tuko tayari kuzifuta?

Mungu, ambaye hapendi kifo cha mwenye dhambi, awalinde macho na mioyo. Mwenye Heri Anuarite na Mwenye Heri Floribert, mtuombee.